Namna ya Kusoma Ukingo wa Kijito katika Misitu ya Pwani ya Oregon na Washington

Mwongozo huu umeandikwa kwa yeyote anayetaka kukipima na kukielewa kijito kidogo cha msituni katika pwani ya kaskazini-magharibi mwa Marekani, hususan wasomaji wa Kiswahili wanaoishi Portland, Seattle na Tacoma, ambako safari ya saa chache kwa gari inatosha kukufikisha kwenye misitu inayopokea mawingu ya Bahari ya Pasifiki. Ni misitu ya baridi na ya mvua nyingi. Bonde la mto Hoh, katika Hifadhi ya Taifa ya Olympic, hupata takriban milimita 3,500 za mvua kwa mwaka, na sehemu kubwa ya mvua hiyo hunyesha kuanzia vuli hadi majira ya kuchipua, huku kiangazi kikiwa kikavu kuliko wageni wengi wanavyotarajia.

Watu wengi wakifika kijitoni hukimbilia kutazama samaki. Mimi nashauri uanze na miti. Katika kijito chembamba, kivuli kinachoyapoza maji, majani yanayolisha wadudu, na magogo yanayochimba madimbwi ya samaki vyote hutoka ukingoni. Asiyeujua ukingo hataelewa kwa nini samaki wapo hapa na hawapo pale. Kwa hiyo hatua zifuatazo zinashuka kutoka kwenye miti hadi majini, kisha zinarudi ukingoni kutafuta wanyama.

Hatua ya 1: Chagua kipande na majira

Tafuta kijito chenye upana wa mita 2 hadi 6, ambacho mtu mzima anaweza kukivuka bila hatari. Sehemu kubwa ya milima ya pwani ya Oregon inamilikiwa na kampuni za mbao na watu binafsi, hivyo omba ruhusa kwanza, au nenda kwenye ardhi ya umma kama Msitu wa Taifa wa Siuslaw. Katika Hifadhi ya Taifa ya Olympic unaruhusiwa kutazama na kupiga picha, lakini usiondoke na chochote, hata kama ni kuvumwani.

Muda mzuri wa kuingia majini ni kuanzia Julai hadi katikati ya Septemba, maji yanapokuwa machache na yenye kuonyesha chini. Kuanzia Oktoba hadi majira ya kuchipua mayai ya samoni huwa yamefukiwa ndani ya changarawe, na buti moja linaweza kuyaponda mengi bila mwenye buti kujua. Katika miezi hiyo fanya kazi yako yote ukiwa nchi kavu.

Hatua ya 2: Jiandae

Beba futi ya kamba ya mita 30, kipimajoto cha maji, kioo kidogo cha mkononi, daftari lisiloharibiwa na maji, penseli, na fimbo ndefu ya kupimia kina. Vaa buti za mpira zenye soli inayoshika mawe, na nguo za sufu au za nyuzi zinazokauka haraka, kwa sababu pamba ikilowa katika msitu huu hukaa baridi mwilini siku nzima. Kabla ya kwenda na baada ya kurudi, sugua buti kwa brashi, zioshe, kisha zikaushe kabisa, maana magonjwa ya vyura na konokono wageni husafirishwa na matope kutoka kijito kimoja hadi kingine.

Usiende peke yako. Dubu weusi na puma wanaishi humu. Mazungumzo ya sauti ya kawaida yanatosha kuwajulisha kwamba mnakuja.

Hatua ya 3: Pima upana wa kijito kikiwa kimejaa

Upana wa maji unaouona Agosti unakudanganya. Unachohitaji ni upana wa kijito kinapojaa hadi ukingoni wakati wa mafuriko ya kawaida ya masika yao, yaani majira ya baridi. Alama zake ni tatu: mahali ambapo changarawe tupu inakoma na mimea ya kudumu inaanza, mahali ambapo mteremko mkali wa ukingo unalainika ghafla na kuwa uwanda, na uchafu wa majani na vijiti ulionasa kwenye matawi. Pima umbali kati ya alama za pande mbili, mahali patatu tofauti, kisha tafuta wastani. Zidisha wastani huo kwa 20 upate urefu wa kipande utakachokichunguza. Kijito cha mita 4 kitakupa mita 80. Gawa urefu huo katika vituo vitano vilivyo sawa.

Hatua ya 4: Isome mimea kuanzia maji kwenda juu

Hii ndiyo hatua inayohitaji muda mwingi kuliko zote. Katika kila kituo nyoosha futi kutoka ukingo wa maji kwenda juu ya mteremko, mita 30 kila upande, na uandike kila mmea unaogusa au kuning'inia juu ya kamba, pamoja na umbali wake kutoka majini.

Mita za kwanza mara nyingi ni za mti wa alda mwekundu, Alnus rubra. Gome lake ni la kijivu lenye mabaka meupe ya likeni, na watu wengi huuchanganya na miti mingine ya gome jeupe. Ili usikosee, shika jani na upitishe kidole kwenye ukingo wake: ncha zote zimekunjwa kidogo kuelekea chini, kama upindo wa shati. Ukikuta gogo lililokatwa karibuni, mti wake utakuwa umegeuka rangi ya chungwa au nyekundu. Alda huota upesi mahali palipovurugwa na mafuriko, maporomoko ya ardhi au ukataji miti, na bakteria walio kwenye mizizi yake hukamata nitrojeni kutoka hewani, kwa hiyo majani yake yanapoanguka huwa chakula bora cha wadudu wa majini. Maisha yake ni mafupi: wachache hupita miaka 100. Ukingo wenye alda wa umri mmoja, wote wembamba na wima, unakuambia kwamba kuna jambo kubwa lililopita hapo mara moja.

Chini ya alda utakuta vichaka vya beri ya samoni, Rubus spectabilis. Jani lake lina vijani vitatu. Ukikunja kijani cha juu, viwili vilivyobaki vinaonekana kama mabawa ya kipepeo. Maua yake ya waridi iliyokolea hufunguka mapema, mara nyingi Machi, na beri zake za rangi ya chungwa hadi nyekundu huliwa na ndege, dubu na watu. Kichaka hiki kinapendwa, lakini kina gharama: kikishonana sana huzuia miche ya misonobari kupata mwanga, na alda wa juu wakifa, ukingo hubaki kichaka kitupu kwa miaka mingi. Andika kimo chake na asilimia ya ardhi kilichofunika.

Palipo na maji yaliyotuama karibu na uso wa ardhi utaona mmea wenye majani makubwa kama ya mgomba mchanga na ua lililofunikwa kwa jani la manjano, Lysichiton americanus, ambao harufu yake utaisikia kabla ya kuuona. Mmea huo ni kipimo cha bure cha maji ya ardhini: ukiukuta mita 20 kutoka kijitoni, jua kwamba kinamasi kinafika hapo, na ukanda wa kijito ni mpana kuliko unavyofikiri. Jirani yake kunaweza kuwa na Oplopanax horridus, mwenye miiba kwenye shina lote hadi chini ya majani. Ukiteleza, kubali kuanguka; usiushike.

Juu kidogo huanza mepo wa majani makubwa, Acer macrophyllum, ambaye jani lake moja linaweza kufika sentimita 30. Matawi yake hubeba magodoro mazito ya kuvumwani na makangaga, na mwaka 1981 mwanaikolojia Nalini Nadkarni alieleza jinsi miti hii inavyotoa mizizi kutoka kwenye matawi na kuiingiza katika magodoro hayo, ikinyonya lishe ikiwa juu kabisa ya ardhi. Halafu inakuja miti mirefu ya kudumu: mwerezi mwekundu, Thuja plicata, wenye majani bapa na gome linalochunika kwa nyuzi ndefu, hemloki, ambaye kilele chake kimeinama, na sprusi wa Sitka, ambaye hapendi kukaa mbali na ukungu wa bahari na ambaye sindano zake zinachoma kiganja. Kila ukutanapo na mmoja wa miti hii ndani ya mita 30, pima mzunguko wa shina kwa kimo cha kifua na uandike umeinamia upande gani. Mti mkubwa ulioinamia maji ni gogo la kesho.

Tazama pia juu ya magogo yaliyooza. Miche ya hemloki na sprusi hupenda kuota hapo, mbali na ushindani wa makangaga ya ardhini, na mara nyingine safu nzima ya miti mikubwa husimama katika mstari mmoja ulionyooka juu ya gogo ambalo limekwisha kutoweka.

Hatua ya 5: Pima kivuli na joto

Chora kwenye kioo chako mraba wenye vijiraba 25. Simama katikati ya kijito, kioo kikiwa bapa usawa wa kiuno, na uhesabu vijiraba vilivyojaa majani. Kila kimoja ni asilimia 4. Fanya hivyo ukielekea juu ya mto, chini ya mto, kushoto na kulia, kisha tafuta wastani. Kipimo hiki hakina usahihi wa maabara, lakini kinatosha kulinganisha kituo na kituo, na mwaka na mwaka.

Joto lipimwe alasiri, kati ya saa tisa na saa kumi na moja, mahali ambapo maji yanatembea na yamechanganyika, kipimajoto kikiwa kivulini. Oregon imeweka viwango vya joto vinavyohesabiwa kwa wastani wa kilele cha kila siku kwa siku saba: nyuzi 18 za Selsiasi kwa mito ambamo samoni na trauti hukulia, nyuzi 16 kwa maji yanayotambuliwa kuwa makazi muhimu ya baridi, na nyuzi 13 mahali na wakati wa kutaga. Kipimo chako cha siku moja hakiwezi kuthibitisha ukiukaji wa kiwango, ila ukikuta nyuzi 20 katika kijito kidogo, rudi kwenye daftari lako la hatua ya 4 na uangalie kivuli kilipotea wapi.

Uhusiano huo si wa kubahatisha. Utafiti wa bonde la Alsea, ulioanza mwaka 1959, ulifuatilia vijito vitatu jirani vya pwani ya Oregon. Mwaka 1966 msitu wa Needle Branch ulikatwa wote hadi majini. Kando ya Deer Creek ulikatwa kwa viraka na kuachiwa ukanda wa miti ukingoni. Flynn Creek haukuguswa. Joto la Needle Branch lilipanda sana kiangazi kilichofuata, wakati Deer Creek, uliobakiwa na miti yake ya ukingoni, haukubadilika kwa kiasi hicho. Somo la vijito hivyo lilichangia kuzaliwa kwa kanuni za kuacha miti kandokando ya maji, na Mpango wa Misitu wa Kaskazini-Magharibi wa mwaka 1994 uliweka, kwa ardhi ya serikali kuu, ukanda wa angalau futi 300, karibu mita 91, kila upande wa kijito chenye samaki. Msomaji wa Tanzania, aliyezoea mita 60 za Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, ataona kwamba wazo ni lilelile. Kinachotofautiana ni kimo cha miti.

Hatua ya 6: Hesabu magogo, na uyaache yalipo

Hesabu kila gogo lenye kipenyo cha angalau sentimita 10 na urefu wa angalau mita 2 lililo ndani ya mstari wa kijito kilichojaa. Andika aina yake kama unaitambua, kama limezibwa na changarawe, na kama kuna dimbwi mbele au nyuma yake. Ingiza fimbo kwenye dimbwi upime kina. Utagundua kwamba madimbwi mengi yenye kina yapo pale gogo linapoyabana maji na kuyalazimisha kuchimba.

Aina ya gogo ina maana kubwa. Gogo la alda likiwa majini huoza baada ya miaka michache, lakini la mwerezi linaweza kukaa kwa vizazi vya watu, likishika changarawe ambamo samoni hutaga. Kwa hiyo kijito chenye magogo mengi ya alda na hakuna mwerezi mchanga ukingoni kinaonekana tajiri leo, huku hazina yake ikiisha.

Naliandika hili kwa msisitizo kwa sababu mkono wa binadamu hupenda usafi. Katika miaka ya 1950 hadi 1970 idara za samaki na misitu za eneo hili zilitoa magogo vijitoni kwa mashine, zikiamini kwamba yanawazuia samaki kupanda. Madimbwi yakafukiwa, changarawe ikasombwa hadi mwamba mtupu, na leo fedha nyingi zinatumika kurudisha magogo yaleyale, wakati mwingine kwa helikopta. Ukikuta rundo la magogo linaloonekana kama limeziba kijito kizima, keti pembeni ulitazame: samaki wadogo wa koho, aina mojawapo ya samoni, wamejificha humo humo.

Hatua ya 7: Geuza mawe machache

Chagua mawe matano kwa kila kituo, ya ukubwa wa ngumi mbili, katika maji yanayokwenda kasi. Lowesha mikono kwanza, na isiwe na dawa ya mbu wala mafuta ya jua. Inua jiwe taratibu, tazama upande wa chini, kisha lirudishe kama lilivyokuwa, upande uleule chini.

Tafuta makundi matatu ya wadudu wachanga ambao hawavumilii maji machafu au yenye joto: wenye mikia mitatu na mashavu madogo ya kupumulia pembeni mwa tumbo, wenye mikia miwili na kucha mbili kwenye kila mguu, na wale wanaojenga ala za changarawe au vipande vya majani na kuishi ndani yake. Ukiyapata makundi yote matatu, maji ni mazuri. Ukikuta jiwe limefunikwa kwa tope laini na minyoo mitupu, tafuta barabara ya msitu iliyo juu ya kijito, maana hapo ndipo tope hutokea mara nyingi.

Katika vijito vya baridi sana, jiwe linaweza kuwa na kiluwiluwi mweusi aliyegandamana nalo hata likiwa limetoka majini. Huyo ni mtoto wa Ascaphus truei, chura mwenye mkia. Mdomo wake umegeuka kuwa kinyonyeo kipana kinachomshikilia dhidi ya mkondo huku akikwangua mwani, na mara nyingi ncha ya mkia wake ina doa jeupe. Hukaa hali ya kiluwiluwi kwa mwaka mmoja hadi minne, kwa hiyo uwepo wake ni ushahidi kwamba kijito hakikukauka wala kupata joto kali katika muda huo. Chura mzima halii. Usimtafute kwa masikio.

Unaweza pia kumwona mtoto wa salamanda mkubwa wa Pasifiki, mwenye mashavu ya kupumulia yaliyochomoza nje ya kichwa, akiwinda kando ya dimbwi. Tazama tu: kukamata amfibia au samaki kwa utafiti kunahitaji kibali cha jimbo. Na salamanda wa ngozi ya vipele, Taricha granulosa, mwenye mgongo wa kahawia na tumbo la chungwa, asiguswe kabisa, kwani ngozi yake ina sumu ileile iliyomo katika samaki bunju.

Hatua ya 8: Tafuta wanyama kwa alama zao

Keti kimya dakika 20 mwishoni mwa kipande. Ndege wa kwanza kumtazamia ni Cinclus mexicanus, wa kijivu, mnene, anayechuchumaa na kuinuka bila kukoma juu ya jiwe, kisha kuingia majini na kutembea chini kabisa akitafuta wadudu wale uliowaona chini ya mawe. Kinyesi cheupe kwenye mawe ya katikati ya mkondo ni alama yake. Mdiria ana kelele kama za njuga na hupita chini chini akifuata mkondo.

Kwenye tope soma nyayo. Fisi maji huacha kinyesi chenye magamba ya samaki na vipande vya kamba wa maji baridi juu ya mawe yaliyoinuka. Biva, mnyama mgugunaji anayejenga mabwawa kwa miti, huacha visiki vilivyochongoka vyenye alama za meno mapana, hasa vya alda na mierebi. Bwawa lake, hata likisombwa na mafuriko ya baridi, ni mahali bora pa samoni wachanga kusubiri majira ya baridi yapite. Vichipukizi vya mepo na beri vilivyokatwa usawa wa kiuno ni kazi ya kulungu wakubwa wa Roosevelt, ambao katika bonde la Hoh ndio wanaoufanya msitu uonekane wazi chini.

Hatua ya 9: Rudi Novemba

Baada ya mvua kubwa za kwanza, tembea juu ya ukingo ukitafuta mabaka ya changarawe safi, meupe kuliko mazingira yake, yenye umbo la yai. Hayo ni matuta ambayo jike la koho amechimba kwa mkia. Usiingie majini. Andika idadi na umbali wake kutoka gogo lililo karibu.

Samoni wa Pasifiki wa aina hii hufa baada ya kutaga. Mizoga iache: dubu, tai na fisi maji huivuta hadi msituni, na nitrojeni iliyotoka baharini huonekana baadaye katika majani ya miti ya ukingoni. Koho wa pwani ya Oregon waliwekwa kwenye orodha ya viumbe walio hatarini mwaka 1998, na hesabu ya matuta katika kijito kidogo, ikifanywa kwa namna ileile kila mwaka, ina thamani.

Hatua ya 10: Shughulikia wavamizi, kisha panda

Mvamizi mbaya kuliko wote ukingoni ni Reynoutria japonica, mwenye mashina matupu yenye pingili kama mwanzi. Kipande kidogo cha shina au mzizi kikisombwa na maji huota mahali pengine, hivyo usiukate na kuuacha kando ya maji. Toa taarifa kwa ofisi ya kaunti inayoshughulikia magugu, ambayo itajua dawa na majira yake. Beri nyeusi ya Himalaya yenye vijani vitano vyeupe kwa chini unaweza kuing'oa mwenyewe, mzizi pamoja na shina, mradi usiichanganye na beri nyeusi ya asili, yenye vijani vitatu na shina jembamba linalotambaa.

Mahali palipo wazi, kata vijiti vya mierebi mwishoni mwa majira ya baridi, kabla ya kuchipua, vyenye urefu wa sentimita 60 hadi 90, na uvizamishe theluthi mbili ardhini, macho yakielekea juu. Mwerezi upandwe nyuma kidogo, katika nafasi zilizofunguka kati ya alda, na kila mche uzungushiwe mrija wa wavu, kwa kuwa kulungu huupenda kuliko miti mingine yote. Fyeka beri ya samoni kuuzunguka mche kila kiangazi hadi kilele chake kivuke kichaka. Mwerezi ukishapita kimo cha kinywa cha kulungu, ondoa mrija na uende nao nyumbani, maana ukibaki hapo mafuriko yatautia kijitoni.